Klozapini Gisenyi: hesabu ya chupa 35 za damu

Kwa utaratibu uliozoeleka Uingereza, mgonjwa wa skizofrenia anayeanzishiwa klozapini hutolewa damu mara 35 katika mwaka wa kwanza: kila wiki kwa wiki 18, kisha kila baada ya wiki mbili hadi mwaka utimie. Kuanzia mwaka wa pili ni mara 13 kwa mwaka, na hazikomi maadamu anameza dawa. Ichukue hesabu hiyo uilete Rubavu, wilaya ya Rwanda ambayo mji wake ni Gisenyi. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilomita zipatazo 150, na hospitali kuu ya magonjwa ya akili ya Rwanda, ile ya Ndera iliyopokea wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1972 chini ya mabruda wa Frères de la Charité, iko nje kidogo ya jiji upande wa mashariki. Kwenda na kurudi, kilomita 300. Mara 35, kilomita 10,500. Hiyo ni zaidi ya robo ya mzunguko wa dunia, na kila safari ni kwa ajili ya mililita chache za damu.

Hakuna familia ya wakulima wa viazi itakayoweza. Kwa hiyo linalofaa kuulizwa ni hili: kumpa mgonjwa wa Rubavu dawa hii kwa usalama, karibu na kwao, kunadai nini hasa? Nimekaa na tarakimu hizi kwa muda, na zinaniambia kwamba mzigo mkubwa si kidonge. Si hatari ya dawa pia. Mzigo ni ratiba ya vipimo iliyopangwa kwa kufuata damu ya watu wa Ulaya na miji yenye maabara kila kona, na sehemu kubwa ya ratiba hiyo sasa haina kazi.

Tuanze na idadi ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu 1 kati ya 300 ana skizofrenia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 546,683 katika wilaya ya Rubavu. Gawanya, unapata wagonjwa wapatao 1,800. Wengi wao hupata nafuu kwa dawa za kawaida: haloperidoli, klopromazini ambayo wengi huiita Largactil, risperidoni, olanzapini, au sindano ya mwezi. Ila kati ya robo na theluthi yao hawapati nafuu hata baada ya kujaribu dawa mbili, kila moja kwa dozi kamili na kwa wiki zisizopungua 6. Kwa Rubavu hao ni kama watu 500, na nitatumia 500 kurahisisha hesabu. Ndio wanaoendelea kusikia sauti mwaka baada ya mwaka, wanaofungiwa chumba cha uani, wanaopelekwa kuombewa kila Jumapili na kurudishwa vilevile. Kwao klozapini ndiyo dawa yenye ushahidi wa nguvu kuliko zote. Katika jaribio maarufu la Marekani la 1988, wagonjwa 268 walioshindikana kwa dawa nyingine waligawanywa makundi mawili. Baada ya wiki 6, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walikuwa wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini.

Sasa damu. Ndani ya chembe nyeupe kuna aina iitwayo neutrofili, askari wa kwanza kufika bakteria wanapoingia mwilini. Kwa watu wachache, klozapini husababisha askari hao waache kuzalishwa. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, hali hiyo huitwa agranulositosisi, na kidonda cha koo cha kawaida kinaweza kuua ndani ya siku chache. Dunia ilijifunza hilo Ufini mwaka 1975. Dawa ilikuwa mpya, hakuna aliyekuwa akipima damu kwa utaratibu wowote, na ndani ya miezi michache watu 8 walikufa kwa maambukizi. Klozapini ikaondolewa sokoni katika nchi nyingi. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa sharti moja: bila jibu la damu, hakuna dawa.

Sharti hilo liliokoa watu, na yeyote anayetaka kulilegeza inampasa akumbuke Ufini kwanza. Lakini tangu mwanzo liligeuza bei ya dawa kuwa bei ya damu. Kampuni ya Sandoz iliuza Marekani kidonge na kipimo kama kifurushi kimoja kwa karibu dola 9,000 kwa mwaka, hadi majimbo yalipoipeleka mahakamani na kifurushi kikavunjwa. Hii leo haki ya kutengeneza klozapini haimilikiwi na kampuni moja, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu 2013. Chupa ya damu ndiyo iliyobaki kuwa ghali.

Je, hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Rekodi za Marekani za miaka ya mwanzo, za watu 11,555 waliokuwa wakipimwa, zilionyesha waliopatwa na agranulositosisi walikuwa 73, na waliokufa 2. Uchambuzi uliochapishwa 2018, uliojumlisha tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba neutrofili hushuka vibaya kwa asilimia 0.9 ya wanaotumia dawa, na vifo ni asilimia 0.013, yaani mtu 1 kati ya 7,700 hivi. Halafu mwaka 2024 zikatoka takwimu za Australia na Nyuzilandi, watu 26,630 na vipimo milioni 2.6 kati ya 1990 na 2022, na hizi ndizo ninazoziona za thamani kuliko zote kwa mji kama Gisenyi. Miongoni mwa walioanza dawa kwa mara ya kwanza, asilimia 0.9 walilazimika kuiacha kwa sababu ya kushuka vibaya kwa neutrofili ndani ya wiki 18. Kufikia miaka miwili ilikuwa asilimia 1.4. Baada ya hapo hatari ilikuwa asilimia 0.001 kwa wiki, yaani tukio 1 katika wiki 100,000 za matumizi.

Leta tarakimu hizo kwa watu 500 wa Rubavu. Wanne au watano watashuka vibaya katika wiki 18 za kwanza, na 7 kwa jumla kufikia miaka miwili. Kwa kiwango kile cha vifo, na hiki ni kiwango cha watu wanaopimwa, zingehitajika wilaya 15 zenye ukubwa wa Rubavu ili kupata kifo kimoja. Rwanda nzima ina wilaya 30. Sasa weka pembeni yake namba nyingine: kati ya wagonjwa wa skizofrenia, takriban 5 kwa kila 100 hufa kwa kujiua. Kwa watu 500, hao ni 25. Klozapini ndiyo dawa ya saikosisi ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2002 mahususi kupunguza hatari hiyo, baada ya jaribio la wagonjwa 980. Na Ufini hiyohiyo ya 1975, ilipofuatilia wagonjwa wake kati ya 1996 na 2006, ilikuta waliokuwa kwenye klozapini ndio waliokuwa na vifo vichache kuliko waliotumia dawa nyingine za saikosisi. Daktari anayemnyima mgonjwa dawa hii kwa kuogopa damu anamkinga na hatari ndogo na kumwacha na kubwa. Nalisema hili bila kusitasita kwa sababu gharama ya woga huo haiandikwi katika daftari lolote la hospitali. Anayekufa kwa agranulositosisi hufia wodini, kwa jina la dawa. Anayejitupa ziwani huhesabiwa kwingine.

Ukifikia mwaka wa tatu, ratiba ya zamani huanza kupoteza maana. Tukio 1 kwa wiki 100,000, ukipima kila wiki 4, maana yake ni vipimo 25,000 ili kukutana na tukio moja. Wagonjwa 500 wakipimwa mara 13 kwa mwaka ni vipimo 6,500. Kwa hiyo maabara ya Gisenyi ingefanya kazi karibu miaka 4 kumtafuta mtu mmoja, na bado ingeweza kumkosa, kwa kuwa neutrofili zinaweza kuporomoka kwa siku chache tu katikati ya kipimo kimoja na kingine.

Mambo yalibadilika kwa haraka mwaka 2025. Marekani ilifuta mfumo wake wa lazima wa kuunganisha dawa na rejista ya vipimo. Ulaya ikaandika ratiba mpya: kila wiki kwa wiki 18, kisha kila mwezi hadi mwaka uishe, kila wiki 12 katika mwaka wa pili, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka, kwa mgonjwa ambaye neutrofili zake hazijawahi kushuka. Mwaka wa kwanza unakuwa na vipimo kama 26 badala ya 35, wa pili 4 badala ya 13, wa tatu 1 badala ya 13. Miaka mitatu: 31 dhidi ya 61. Tuseme huduma ya Rubavu ingeanzisha wagonjwa 50 kila mwaka. Baada ya miaka 10, kama wote wangeendelea na dawa, ratiba ya zamani ingedai vipimo 7,600 kwa mwaka. Mpya ingedai 1,900.

Sasa karatasi ya majibu yenyewe. Mashine ya maabara hutoa kikaratasi chenye safu za namba, na kipimo chenyewe, hesabu kamili ya damu, maabara zenye mazoea ya Kifaransa hukiita NFS. Shuka hadi mstari wa neutrofili: 1.3, na kando yake herufi L, maana yake iko chini. Kwa kigezo cha zamani cha Ulaya, chochote chini ya 1.5, yaani 1,500 kwa mikrolita, ni nyekundu: dawa isianzishwe, na kama imeanza isimamishwe. Lakini herufi ile imechapishwa kwa kulinganisha na damu ya nani? Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya 2,105 kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, na Kigali ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kiwango cha kawaida cha neutrofili kilichopatikana kilikuwa kuanzia 1.0 hadi 5.3. Mtu mwenye 1.3 hana ugonjwa wowote. Ni Mnyarwanda mzima.

Sababu yake iko katika vinasaba. Watu wengi mno wa Afrika ya Kati na Magharibi wamerithi badiliko moja linaloziondolea chembe nyekundu alama iitwayo Duffy. Bila alama hiyo, malaria ya aina ya vivax haipati kwa urahisi mlango wa kuingilia, na kinga hiyo ndiyo iliyolieneza badiliko hilo barani. Hilohilo huzifanya neutrofili zinazoonekana kwenye mzunguko wa damu ziwe chache, bila kumwongezea mtu maambukizi. Marekani ilikubali mwaka 2015 kwamba watu wa namna hii waanzishwe dawa wakiwa na 1.0 na wasisimamishwe hadi washuke chini ya 0.5. Ulaya nayo inakubali 1.0 kwao. Hospitali ya Rubavu ikitumia 1.5 kwa wagonjwa wake, itawafungia mlango watu wazima kabla hawajameza hata kidonge kimoja, na itawasimamishia dawa wengine inayowafaa. Kati ya mabadiliko yote ninayoyataja hapa, hili la kusahihisha namba kwenye karatasi ndilo lisilohitaji hata faranga moja.

Kuhusu faranga zenyewe. Mwenye mutuelle, bima ya afya ya jamii, hulipa asilimia 10 ya gharama akiwa hospitali ya wilaya, na faranga 200 akihudumiwa kituo cha afya. Kwa hiyo katika kila faranga 1,000 za bei ya kipimo hospitalini, mgonjwa hutoa 100. Vipimo 35 ni faranga 3,500 kwake na 31,500 kwa bima. Hata kama kipimo kingekuwa faranga 5,000, fungu lake la mwaka lingekuwa 17,500. Linganisha na njia. Tuweke kwa mfano faranga 2,000 kutoka sekta ya Busasamana hadi hospitali ya Gisenyi na kurudi. Mara 35 ni 70,000. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hatembei peke yake. Mama au kaka yake humsindikiza, na nauli inakuwa 140,000. Mchango wa mutuelle ambao kaya nyingi zililipa kuanzia 2011 ulikuwa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, nauli ya chupa za damu za mgonjwa mmoja ingewalipia bima watu 46. Na bado hatujahesabu siku 35 za kazi ambazo msindikizaji hakushika jembe, wala siku za kufuatilia karatasi ya transferi, yaani ya rufaa, kwa sababu bila hiyo bima haitambui safari yenyewe.

Bima, basi, imelipia sehemu iliyo rahisi. Iliyobaki inapungua kwa njia moja iliyo wazi: damu itolewe kituo cha afya, Busasamana, Mudende, Byahi au Kigufi, na chupa ndiyo isafiri. Ile yenye kifuniko cha zambarau huhimili saa 24 katika joto la kawaida la chumba, na sampuli za makohozi ya kifua kikuu na za VVU tayari huteremshwa kutoka vituo vya afya kwenda hospitali. Vipimo 26 vya mwaka wa kwanza kwa faranga 200 ni 5,200, na mgonjwa amefika kwa miguu. Kwa wagonjwa wapya 50 kwa mwaka, wiki zile 18 za hatari ni chupa 900, yaani 17 kwa wiki kwa wilaya nzima. Zipo pia mashine ndogo, kama HemoCue WBC DIFF, zinazohesabu chembe nyeupe na neutrofili kutoka tone la kidole kwa dakika 5 hivi. Moja ingetosha kwa siku ya kliniki, na nesi wa afya ya akili angejua jibu mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yake.

Gisenyi ina jambo jingine lisilo katika mwongozo wa nchi yoyote ya Ulaya: mpaka. Mji unagusana na Goma ya Kongo, ndugu wako pande zote mbili, na Goma ina kituo chake cha magonjwa ya akili, Tulizo Letu, chini ya mabruda walewale wa Ndera. Klozapini haipendi kukatizwa. Mgonjwa akikosa dozi kwa zaidi ya saa 48, haruhusiwi kurudia dozi aliyoizoea. Huanza upya na miligramu 12.5 na kupanda taratibu, kwa sababu moyo na shinikizo la damu vimeshapoteza mazoea. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021, mafuriko ya mto Sebeya ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, makombora yaliyoangukia Rubavu tarehe 27 Januari 2025 wakati Goma inatekwa: kila moja kati ya hayo lingetosha kuwakosesha watu dozi za siku mbili. Wagonjwa waliokwisha kuvuka wiki 18 wapewe dawa za kutosha nyumbani, za mwezi au zaidi. Katika janga la Covid la 2020, wataalamu wa nchi kadhaa walikubaliana kwamba waliokuwa wametimiza mwaka kwenye dawa wangeweza kupimwa kila miezi 3.

Kuna kipindi ambacho ratiba yoyote haitoshi: siku ya homa. Rubavu, mtu mzima akishikwa na homa humwendea mshauri wa afya wa kijijini, akachomwa kidole, akapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka. Ni utaratibu mzuri, na umeokoa wengi. Kwa mtu aliye kwenye klozapini, hasa katika wiki zile 18, kipimo kikionyesha hana malaria asipewe parasetamoli na kuambiwa asubiri. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, apimwe NFS, na dawa ishikiliwe hadi jibu lije. Akiwa na malaria, damu ipimwe vilevile. Washauri hawa wanaishi kijiji kimoja na mgonjwa; wanamjua kwa jina na wanajua anameza nini. Kadi moja yenye maneno manne, klozapini, homa, koo, hospitali, ingefanya kazi zaidi ya vipimo vingi vya mwaka wa tano.

Dawa nyingine anazopewa nazo ziangaliwe. Kabamazepini, inayotumika sana kwa kifafa, hushusha chembe nyeupe na haichanganywi na klozapini. Kotrimoksazoli, ambayo watu huiita Bactrim, nayo inaweza kuzishusha. Haya huonekana tu pale ambapo daftari la afya ya akili na lile la kliniki nyingine yanasomwa na mtu mmoja.

Na kuna tumbo. Klozapini hulegeza utumbo kiasi cha kuuzuia kusukuma chakula. Mgonjwa hufunga choo, utumbo huziba, na anaweza kufa. Marekani ilikaza onyo lake kuhusu hilo Januari 2020, na wataalamu wengi sasa wanaihesabu hatari hiyo kuwa mbaya kuliko ile ya damu. Wagonjwa hawaitaji wenyewe, kwa aibu au kwa kuwa hawakuulizwa. Nesi anayefunga ile chupa ya zambarau ana dakika moja ya kumuuliza aliyekaa mbele yake alienda choo lini mara ya mwisho, kuandika siku hiyo kando ya namba ya neutrofili, na zikipita siku 3 ampatie dawa ya kulainisha choo kabla hajaondoka.